Mtoto wa Tuta la Chini

Kijiji nilichozaliwa kiko chini ya maji. Ukisimama leo ng'ambo, upande wa Kitui, utaona bwawa pana la rangi ya chai ya maziwa na vilele vya miti michache iliyokauka, basi. Huwezi kujua kwamba hapo palikuwa na kanisa la mawe, shule ya msingi, maduka machache kando ya barabara ya murram isiyo na lami, na mashamba ya matuta yaliyoshuka kama ngazi mpaka kwenye mchanga wa mto. Jina lake sitalitaja. Tuliokaa pale tunalijua, na limebaki kwetu.

Habari za bwawa tulizisikia miaka mingi kabla hazijawa za kweli. Nilipokuwa msichana walikuja watu wa kupima, wakasimamisha vyombo vyao vya miguu mitatu, wakapiga vigingi vyekundu mashambani mwetu, wakaenda zao. Mbuzi walijikuna kwenye vile vigingi mpaka vikaanguka kimoja kimoja. Baba alisema atakufa kabla ya kuliona bwawa lenyewe, na kwa muda mrefu hakuna aliyembishia. Niliolewa, nikawa mwalimu wa historia katika shule ya upili mjini Kitui, watoto wangu wakakua. Ndipo matingatinga yakaja.

Chifu aliitisha baraza uwanjani pa shule. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari za msiba, kwamba bonde lote litahama. Kila familia ilijitafutia pa kwenda. Wengine walirudi juu kwenye milima ya Mbooni, upande wa Kikima, walikotoka babu zao. Wengine walivuka mto kwa ndugu zao wa Kitui. Baba na ndugu yangu walipata shamba upande wa Kibwezi, ambako ndugu yangu alikuwa akilima mboga kwa maji ya mto.

Katika baraza lile mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema kwamba tukitawanyika, wajukuu hawatajua walikotoka, na afadhali historia ya kijiji iandikwe kabla ya kung'olewa hata bati moja. Watu wakanigeukia. Kwa kuwa nafundisha historia, kazi ikawa yangu. Nikawa natoka Kitui kila mwisho wa wiki, naketi na wazee, nauliza.

Wanaume niliowauliza walianza na nani alifika kwanza na mpaka wake uliishia wapi. Waliniambia kwamba babu yangu na rika lake walitoka Mbooni wakiwa vijana wenye wake wapya, kwa sababu kule juu ardhi ilikuwa imejaa, mashamba yamekuwa membamba mpaka ng'ombe akigeuka anaanguka kwa jirani. Walishuka na mbuzi na mizinga ya nyuki. Walikuta vichaka vya miiba na vifaru, na mto ambao miezi mingi ya mwaka haukuwa na maji juu, ila mchanga. Waliniambia kanisa lilivyoanza chini ya paa la nyasi, na jinsi kipande cha reli kilivyoletwa na mkokoteni kutoka njia ya gari la moshi, kikatundikwa mtini kiwe kengele.

Wanawake walianza na maji. Walinieleza mahali ambapo ukichimba mchangani kina cha mkono unapata maji matamu, na mahali ambapo hata ukichimba mpaka ukazama kichwa unapata maji ya chumvi. Halafu walinieleza matuta. Mvua za kwetu ni chache, lakini zikija huja kwa hasira, na miaka hiyo ya mwanzo zilikuwa zinausomba udongo wote na kuupeleka mtoni. Wanawake ndio waliouzuia. Walifanya kazi kwa makundi, tunayoyaita mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule. Walichimba mtaro kukata mteremko, wakarusha udongo upande wa juu mpaka ukawa ukingo. Kila mvua ikija, udongo unaosombwa unakwama nyuma ya ukingo, na tuta linainuka kidogo. Walichimba huku wakiimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, majembe yakishuka kwa pamoja. Mabibi wale waliponisimulia hayo, mikono yao ilikuwa inajisogeza yenyewe mapajani.

Mama peke yake hakuwa na la kunieleza. Kila nilipomuuliza juu ya zamani aliniambia nimuulize baba, kisha akaendelea kupukuchua mbaazi. Sikushangaa. Mama hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi.

Miezi michache kabla ya kuhama walitumwa watu wa kushughulikia makaburi, ili atakayetaka kuhama na wafu wake aweze. Aliyefika kwetu alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye viatu vya mpira na kofia ya jua, mtu mpole ambaye alisalimia nyumba nzima kabla ya kutaja kilichomleta. Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwepo.

Lazima nieleze kwamba makaburi yenye alama, kwetu, si jambo la zamani sana. Nyanya yangu, mama mzazi wa baba, aliniambia nilipokuwa mdogo kwamba enzi za utoto wake waliozikwa walikuwa wazee wa heshima tu. Wengine walipelekwa porini, na watu wakarudi nyumbani bila kuangalia nyuma. Baadaye dini na serikali vilileta kuzika. Kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na makaburi matatu tu, yote ya saruji, nyuma ya ghala: la babu, la nyanya, na la ami yangu mmoja.

Baba, akiegemea fimbo yake, alimwonyesha yule mgeni moja baada ya lingine na kumtajia ni ya nani. Mgeni akaandika. Kisha akauliza kama ni hao tu.

"Ni hao tu," baba akasema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa ghala na ungo mkononi. Akauweka chini.

"Kuna mwingine," akasema.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nilimtazama baba ili amrekebishe, lakini baba alikuwa amegeuza uso upande wa mto. Mama hakusubiri tumuulize. Alifunga leso yake kiunoni akaanza kuteremka kwenye mashamba, tuta baada ya tuta, akishika mbaazi kila alipotaka kuteleza. Mgeni akamfuata, nami nikamfuata mgeni. Baba alikuja nyuma, taratibu, kwa fimbo.

Tulifika tuta la chini kabisa, lile lililo karibu na mchanga. Hapo palikuwa na jiwe kubwa bapa ambalo wanawake walinolea panga. Mama alisimama kando ya jiwe, akalipa mgongo, akatembea kidogo katikati ya mbaazi, akasimama tena.

"Hapa," akasema. "Mwanangu wa kwanza yuko hapa."

Mgeni alivua kofia yake. Akauliza kwa upole, "Ni wa lini, Mama?"

"Ni kabla ya huyu," mama akajibu, akanielekezea kidole bila kunitazama.

Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba. Katika maisha yangu yote hilo lilikuwa jambo la kwanza nililojua juu yangu mwenyewe. Mama aliitwa kwa jina langu sokoni na kanisani. Mahari yalipoletwa, nilitajwa kuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Nilisimama kwenye mbaazi zile, mwanamke mwenye mvi, nikahisi kama mtu aliyeambiwa asogee kidogo kwenye benchi kwa sababu kuna aliyeketi hapo kabla yake.

Yule mgeni hakupiga kigingi. Alichukua kijiti akakichomeka kwa mkono, akamwambia mama kwamba siku ya kuchimba atakuwepo yeye mwenyewe. Kisha akatuaga.

Mchana ule mama alitandika mkeka kivulini mwa nyumba, akaniambia nikae. Baba aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, pale anaposikia. Na mama, ambaye sikuwahi kumsikia akisimulia jambo refu kuliko bei ya ndengu, akasimulia.

Ulikuwa mwaka ambao mvua zilikataa, za masika na za vuli. Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge kwenye shamba kubwa upande wa Kibwezi, kama walivyofanya vijana wengi. Mama alibaki na mama mkwe wake na mtoto mchanga, mvulana, aliyekuwa amepewa jina la babu kama desturi inavyotaka kwa mwana wa kwanza. Alikuwa ameanza kukaa peke yake bila kuanguka surua ilipoingia kijijini.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Mama na nyanya walimbeba kwa zamu, wakavuka mchanga kukiwa bado na ubaridi wa asubuhi. Walipewa dawa ya maji kwenye chupa, wakaambiwa wamnyweshe maji mengi. Maji mengi mwaka ule yalikuwa yakipatikana kwa kuketi shimoni mchangani na kusubiri yajae kibuyu polepole. Nyanya ndiye aliyeketi shimoni. Mama alikaa na mtoto. Mtoto alifariki jioni, mbuzi wakirudishwa zizini.

Nyanya alimwambia mama kwamba mtoto mdogo hivyo haliliwi kwa sauti wala hafanyiwi tuta la kaburi. Ukimlilia sana, ukimwekea alama, unamtisha anayefuata asije. Mama alikuwa ameokoka, alitaka mchungaji na wimbo. Lakini mchungaji alikuwa anazunguka makanisa ya mbali, na njaa ilikuwa imewachosha watu mpaka hata mazishi ya wakubwa yalikuwa ya haraka. Wakakubaliana nusu kwa nusu. Atazikwa, lakini hapatawekwa alama.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba letu. Wanawake wa mwethya walikuja na majembe yao, wakamkuta mama na nyanya wameketi mlangoni na mtoto amefunikwa leso. Hawakuhitaji kuelezwa. Walishuka wote mpaka tuta la chini, ambalo wakati huo halikuwa tuta bado, ulikuwa mteremko mtupu. Walichimba mtaro. Chini ya mahali ukingo ulipotakiwa kusimama, walichimba nafasi ndogo. Nyanya akashuka akamlaza mwenyewe. Kisha wakarusha udongo wa mtaro juu yake, kama walivyokuwa wakirusha kila siku.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu tukaendelea mpaka mwisho wa shamba. Wangeondoka mapema, watu wangeuliza. Hakuna aliyeimba siku hiyo. Mimi nilichimba nao."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema mwanzo aliogopa kunitisha nikiwa bado tumboni. Nilipozaliwa na watu wakaanza kumwita kwa jina langu, aliona akimtaja yule atakuwa amenipokonya kitu. Baadaye ikawa ni muda mrefu mno umepita, na jambo la muda mrefu hivyo hujui ulianzishe wapi. Na pale mtoto alipokuwa hapakuwa mbali. Alipalilia juu yake kila msimu.

Nilikumbuka hapo ndugu yangu. Yeye alipewa jina la babu mzaa mama, si la babu mzaa baba, na utotoni tuliwahi kuuliza kwa nini, kwa sababu kila mvulana wa kwanza kijijini alibeba jina la upande wa baba. Tuliambiwa ni mapenzi ya mama tu. Kumbe alikuwa amepata jina la mwana wa pili, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwana wa pili.

Baba alikuwa ameweka mikono miwili juu ya fimbo wakati wote huo. Alipozungumza hakunisemesha mimi.

"Nilirudi likizo, mama yangu akaniambia kabla sijaingia ndani," akasema. "Sikuwahi kukuuliza ulimweka wapi. Niliogopa utanionyesha."

"Nilijua," mama akasema.

Mama aliinuka akaenda kuwasha moto.

Sijui habari zilivyotoka nyumbani kwetu. Labda yule mgeni alisema kitu, labda waliotuona tukisimama kwenye mbaazi walikisia. Lakini Jumamosi iliyofuata nilipofika, niliambiwa kwamba mwanamke mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa amemwita mgeni faragha akampeleka shambani kwake. Kisha mwingine. Kisha mjane mmoja aliyekuwa amehamia Kitui siku nyingi alirudi kwa bodaboda, akashuka mpaka kwenye matuta ambayo sasa ni ya wakwe zake, akasimama mahali. Wengine walitaka watoto wao wachimbuliwe. Wengine walisema wanataka tu wajulikane kwamba wako pale, wasiguswe, maji yawafunike kama udongo ulivyowafunika. Waume wengi hawakuwa wakijua. Wengine walijua na walikuwa wamenyamaza kama baba.

Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kufikia hapo, za nani alifika kwanza na kengele ilitoka wapi. Nilizisoma tena usiku ule nyumbani kwangu mjini nikaona kwamba matuta nilikuwa nimeyapa aya moja. Sikuzitupa zile kurasa. Nilirudi tu kwa mabibi wale wale nikauliza maswali mengine, na safari hii nilimwacha kila mmoja atembee nami shambani badala ya kuketi.

Siku ya kuchimba, ndugu yangu alifika alfajiri kutoka Kibwezi. Nilikuwa nimemweleza kwa simu, naye alikuwa amesikiliza bila kuniuliza kitu. Wachimbaji walikuwa wanaume wa kanisa letu, wakiongozwa na jirani yetu mmoja ambaye ni fundi wa kujenga. Mchungaji alikuwepo, na yule mama wa viatu vya mpira alikuwepo kama alivyoahidi. Walianza na makaburi ya saruji. Kazi hiyo ilikwenda kwa heshima na bila matatizo. Jua lilipokuwa limepanda tukateremka wote kwenye tuta la chini.

Mama alikuwa ameng'oa mbaazi mwenyewe siku iliyotangulia. Ardhi ilikuwa safi kama iliyofagiwa. Alionyesha tena mahali, na wanaume wakaanza. Udongo wa juu ulikuwa laini, mweusi, udongo mzuri wa mvua za miaka yote ile. Walichimba mpaka magotini, hakuna kitu. Walichimba mpaka kiunoni. Fundi akasimama akajifuta jasho. Akamuuliza mama, kwa adabu sana, kama haiwezekani pakawa ni kando kidogo, kwa sababu miaka ni mingi na mashamba hubadilika.

Mama akasema ni hapo.

Wanaume wakatazamana. Wakati huo tulimwona bibi mmoja akija kwa kufuata ukingo, ameshikwa mkono na mkaza mwanawe. Alikuwa mzee kuliko mama, macho yake yamefifia, na, ukimwondoa mama, ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wanawake wa mwethya waliochimba siku ile. Hakuna aliyemtumia habari. Alipapasa mpaka akalipata jiwe la kunolea, akaketi juu yake. Akaomba aelezwe shimo limefika wapi. Fundi akamwambia limefika kiunoni.

"Bado," yule bibi akasema. "Sisi tulikuwa chini zaidi. Hili tuta limepanda."

Wakaendelea. Udongo mweusi ukaisha, wakafika kwenye ule mwekundu mgumu, ardhi ya asili ya mteremko wenyewe. Katika ule wekundu kulikuwa na sehemu moja iliyokuwa tofauti, ya rangi ya majivu, laini, isiyozidi ukubwa wa ungo. Fundi alipoigusa kwa koleo aliacha koleo. Akainama akaipapasa kwa kiganja, kisha akapanda nje ya shimo akasimama na wengine.

Hapakuwa na mfupa. Hapakuwa na uzi wa leso. Mchwa na miaka vilikuwa vimemaliza kila kitu, kama fundi mwenyewe alivyokuwa amenionya kwamba inawezekana. Niliogopa kumtazama mama, nikidhani atavunjika. Lakini mama alikuwa anavua viatu. Alimwomba ndugu yangu amsaidie kushuka, naye akaingia shimoni kwanza, akanyoosha mikono, akamshusha kama mtu anayeshusha mzigo wa vyombo. Mama alipiga magoti akaanza kukusanya ule udongo wa majivu kwa mikono yake, polepole, akiuweka kwenye leso mpya aliyokuja nayo kifuani. Hakuacha kitu. Alifuata kingo za ile rangi mpaka akafika kwenye wekundu pande zote. Alipomaliza akafunga leso mafundo mawili.

Fundi alikuwa ametengeneza sanduku dogo la mbao. Leso iliingia humo sawasawa. Yule mama mgeni aliomba jina, kwa sauti ya chini, kwa kuwa ilimpasa kuandika. Mama akafungua mdomo, lakini baba ndiye aliyetangulia. Alilitaja jina la baba yake mzazi, lote, wazi, kama la mtu anayeitwa kanisani. Yule bibi juu ya jiwe akalirudia. Kisha mchungaji akaomba, na tukaimba wimbo mmoja. Mama aliimba mpaka mwisho.

Tulihama wiki chache baadaye. Mabati yaling'olewa, milango ikatolewa kwenye fremu, kuku wakafungwa miguu. Lori lilijaa mpaka vitanda vikawa juu ya kila kitu. Mabaki ya wazee wetu watatu wa makaburi ya saruji yalikuwa yametangulia na gari la kanisa. Mama alipanda mbele, kati ya dereva na baba, sanduku likiwa mapajani mwake. Dereva alimwambia liko salama zaidi nyuma, limefungwa kamba. Mama akamshukuru, na hakulitoa.

Mimi nilibaki nikatembea ndani ya nyumba ambayo haikuwa na paa. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja katika chumba nilichozaliwa. Sikulia pale. Nililia nilipofika barabarani na kukuta watu wa nyumba nyingine wakiagana, wale wa kwenda Kikima wakiwashika mikono wale wa kwenda Kitui, watu walioonana kila siku tangu utotoni na sasa wanaulizana namba za simu.

Shamba jipya ni tambarare. Udongo wake ni mwekundu kuliko wetu, joto ni kali, na mlio wa malori ya barabara ya Mombasa unasikika kukipambazuka. Tuliwazika wazee nyuma ya nyumba mpya na mtoto pembeni yao, na ndugu yangu akapanga mawe kuzunguka lile kaburi dogo. Majirani wapya, ambao wengi ni Wakamba kama sisi waliotoka sehemu mbalimbali, walikuja kutukaribisha na wakamuuliza mama aitwe mama nani. Aliwatajia jina la yule mtoto. Nilikuwepo. Niliumia kidogo, sitadanganya, na kisha nikaona uso wa mama alipoitwa hivyo mara ya kwanza na mwenye duka, na kuumia kule kukapungua.

Baba hakukaa sana Kibwezi. Alikuwa akisema joto la kule analijua tangu ujana wake wa mkonge, na hakulipenda wakati huo pia. Baridi ya Julai ya mwaka wa pili, ambayo pale ni upepo tu, ilimshika kifuani. Alikuwa ameliona bwawa, kinyume na alivyotabiri: ndugu yangu alimpeleka siku moja, wakasimama juu ya kilima wakatazama maji. Baba aliporudi alisema tu kwamba ni mengi. Alifariki hospitalini, akiwa na mama pembeni. Tulimzika karibu na mtoto, kwa sababu alituomba hivyo yeye mwenyewe.

Jioni ya mazishi, wageni wa mbali walipokuwa wameondoka, mimi, ndugu yangu na mama tuliketi nyuma ya nyumba, dada yetu mdogo akiwa bado jikoni. Ndugu yangu, ambaye katika mambo haya yote alikuwa mtu wa kubeba na kuchimba na si wa kuuliza, alimgeukia mama.

"Alikuwa wa namna gani?" akasema. "Yule mkubwa wetu."

Mama alimtazama kana kwamba alikuwa amesubiri swali hilo na alikuwa ameacha kulisubiri. Kisha akaanza. Akasema alikuwa na kichwa kikubwa, wanawake walimcheka. Alikuwa na jino moja tu lililotoka, la chini, na uji wa mtama hakuutaka, aliutema wote hata njaa ikiwa kali. Kulikuwa na punda wa jirani aliyepita na mitungi ya maji kila asubuhi, na mtoto akimwona alicheka mpaka anaanguka nyuma, na nyanya alimwekea mto wa nguo kuukuu asiumie kichwa. Alilala amemshika mama sikio. Si titi, sikio. Akatuonyesha ni sikio lipi.

Dada yangu mdogo alikuwa amekuja kutuita tukale. Alisimama mlangoni akasikia, akaketi chini pamoja nasi.